Kuuza kitabu mtandaoni: simu yako, duka la vitabu, PDF au Amazon?

Nakala 500 za kitabu chenye kurasa 180 hufika nyumbani zikiwa ndani ya maboksi kumi hivi, na kwa wiki mbili za mwanzo maboksi hayo humfurahisha kila anayeingia sebuleni. Ukifika mwezi wa tatu, mwandishi huanza kuyaona kama mgeni asiyeaga. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mwandishi huyo aliyejichapishia, na kwa kiasi fulani kwa ajili ya muuza vitabu ambaye hakuandika chochote ila hununua nakala kwa wachapishaji na kuziuza tena. Yanalinganisha njia nne: kuuza mwenyewe kwa simu kupitia WhatsApp na Instagram, kupeleka kitabu katika duka linalopokea oda mtandaoni, kuuza faili la PDF, na kukiweka kitabu Amazon. Njia tatu za kwanza nimezitumia kwa vitabu vyangu, na ya nne nimewasaidia wenzangu kuifuata, kwa hiyo msomaji asishangae akiona ninaelemea upande mmoja.

Maswali mawili ndiyo yanayozitenganisha njia hizi kuliko mengine yote: fedha ya mnunuzi inapokelewa na nani, na kitabu kinabebwa na nani hadi mikononi mwake. Waandishi wengi huanza na swali la tatu, yaani wapi penye watu wengi, na hapo ndipo hesabu huharibika. Msomaji wako aliye Songea hana mazoea ya kununua kitabu kwa kadi ya benki hata kama kadi anayo. Fedha yake iko kwenye simu. Binamu yake anayeishi Minneapolis ana kadi mfukoni na hununua kila kitu kwa kadi hiyo, lakini kumtumia nakala moja kwa posta kutoka Dar es Salaam kunaweza kugharimu kuliko kitabu chenyewe. Watu hawa wawili wanasoma lugha moja na pengine wanaipenda hadithi moja, ila hawawezi kuhudumiwa kwa njia moja.

Simu yako mwenyewe

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008. Kwa muuza vitabu, maana ya jambo hilo ni kwamba mtu wa Kigoma anaweza kulipa saa nne usiku akiwa kitandani, kwa Lipa Namba, na mwenzake wa Kisumu akafanya vivyo hivyo kwa namba ya Till. Fedha inaingia papo hapo, hakuna mtu wa kati anayeishika, na jina la mnunuzi pamoja na namba yake vinabaki kwako. Hilo la mwisho wengi hawalitii katika hesabu. Aliyenunua kitabu chako cha kwanza ndiye mtu wa kwanza wa kuuziwa cha pili, na si Amazon wala mwenye duka atakayekupa namba yake.

Tuchukue mfano wa nambari, ambao nitaurudia katika njia nyingine. Kitabu kimegharimu shilingi 4,500 kuchapa kila nakala, na bei yake ni shilingi 15,000. Ukikiuza mwenyewe na mnunuzi akajilipia usafiri, kinabaki kiasi cha shilingi 10,500. Humo utoe bando, bahasha, bodaboda wa kwenda stendi na makato ya kuitoa fedha kwa wakala. Hata hivyo hakuna njia nyingine kati ya nne hizi inayomwachia mwandishi sehemu kubwa kama hiyo ya bei ya kitabu kilichochapwa.

Gharama yake ni muda na kazi ya mikono. Nitaeleza kifurushi kimoja tu. Mnunuzi wa Songea amelipa jioni. Kitabu ninakifunga kwanza kwa nailoni, kwa sababu buti la basi hubeba pia madumu ya mafuta na ndoo za samaki, halafu ninakitia katika bahasha ya kaki na kuzizungushia kona zake selotepu mara mbili. Juu yake ninaandika jina la mpokeaji, namba zake mbili kama anazo, jina la mji na namba yangu, yote kwa herufi kubwa na kalamu ya wino mzito. Alfajiri bodaboda anakipeleka katika kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, ofisi ya vifurushi ya basi inatoa risiti, naye anaipiga picha pamoja na namba ya basi. Picha hiyo ndiyo ninayomtumia mnunuzi, naye kesho yake anakwenda stendi na kitambulisho. Katika miaka yote nimepoteza vifurushi viwili, na vyote viwili vilikuwa vimetiwa mikononi mwa konda bila risiti kwa sababu basi lilikuwa linaondoka.

Gharama ya kusafirisha kitabu kimoja kwa basi haitofautiani sana na ya kusafirisha vitano, na hapo ndipo mwandishi mwenye akili ya biashara anapopata nafasi. Mtu wa Mbeya akiuliza, mwulize kama ana rafiki, mfanyakazi mwenzake au mwanachama wa kikundi chake anayekitaka pia, na umpe punguzo dogo wakifika watatu. Oda za namna hiyo zimeniondolea maboksi mengi zaidi kuliko matangazo.

Kuhusu matangazo, niseme wazi kwamba desturi ya kuandika "bei inboksi" chini ya picha ya kitabu ni ya kujinyima wateja. Anayependa kitabu lakini hajui kama ana uwezo wa kukinunua huona haya kuuliza, na anayeuliza hulazimika kusubiri jibu hadi hamu ipoe. Andika bei, andika mji ulipo, andika namba ya kulipia na gharama ya kutuma mikoani, kisha uone jinsi maswali ya "Nipo Mbeya, nakipataje?" yanavyogeuka kuwa "Nimeshalipa, angalia." Picha ya jalada huchosha ikitumwa mara tatu. Kinachovuta watu ni ukurasa mmoja wa ndani, uliopigwa picha kwenye mwanga wa dirisha na kupigiwa mstari kwa penseli mahali penye sentensi kali, au sauti yako ukisoma aya moja kwenye stetasi. Iko pia tarehe moja ya bure kwa yeyote anayeandika kwa Kiswahili: tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ambapo watu wengi wasiogusa vitabu mwaka mzima hutafuta cha kuposti kuhusu lugha yao.

Kwenye WhatsApp, orodha ya brodikasti hupokea watu 256, na ujumbe wake humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo mteja akishapokea kitabu, mwombe aihifadhi namba kwa jina la kitabu. Ombi hilo dogo lina thamani kuliko wafuasi 100 wa Instagram. Ama tangazo la kulipia, lifanyie hesabu kabla ya kulipenda. Ikiwa shilingi 20,000 zimekuletea watu 30 wa kuuliza na wanunuzi wanne, kila mnunuzi amekugharimu 5,000, yaani karibu nusu ya faida ya nakala moja. Kwa mwenye kitabu kimoja hilo ni zito. Kwa mwenye vitabu vinne, ambaye mnunuzi wake atarudi, si baya hata kidogo.

Hatari ya njia hii ni ujumbe wa muamala wa kughushi, ambao hufanana na wa kweli kila kitu isipokuwa salio. Usitume kitabu kwa kutazama picha ya skrini ya mnunuzi. Tazama salio lako mwenyewe. Udhaifu mwingine ni kwamba njia hii haina usingizi. Mwandishi anayeandika riwaya ya pili hawezi wakati huohuo kuwajibu watu 40 wanaouliza kama kitabu kipo, na bila ndugu au kijana wa kumsaidia kwa malipo, kitu kimojawapo kitakwama.

Duka la vitabu linalouza mtandaoni

Duka hukununulia muda huo, na bei yake ni sehemu ya bei ya kitabu. Makato ya asilimia 30 hadi 40 ni ya kawaida katika biashara hii. Tukirudi kwenye mfano wetu, duka likichukua asilimia 35 ya shilingi 15,000, yaani 5,250, mwandishi anabaki na 9,750, na akitoa gharama ya kuchapa, faida yake ni 5,250. Kwa maneno mengine, mwandishi na mwenye duka wanagawana sawasawa. Baadhi ya waandishi hulilalamikia jambo hilo, ila mimi sioni dhuluma, mradi duka liwe kweli linauza: lina pango la kulipa, lina mtu wa kujibu simu, na mteja aliyekuja kununua kamusi anaweza kutoka na riwaya yako pia.

Tatizo halisi ni mali kauli. Duka hupokea nakala bila kulipa na huahidi kulipa zikiuzwa, halafu mwandishi hana njia ya kujua zimeuzwa lini. Duka moja lilikaa na nakala zangu 40 kwa miezi saba, na nilipokwenda kuuliza nikaambiwa ziko stoo, kumbe stoo zilikuwapo 11. Nililipwa, lakini baada ya kupanda na kushuka ngazi zile mara nne. Tangu hapo sipeleki zaidi ya nakala kumi kwa mara moja, ninaandikiwa hati yenye idadi, asilimia na tarehe ya kuhesabu, na duka likizimaliza kumi ndipo linapata nyingine. Duka linalokataa kuandika tarehe ya kuhesabu limeshakujibu.

Maduka yenyewe hayafanani. Nairobi kuna Nuria, lililojijengea jina kwa kuwauzia waandishi wanaojichapishia, na kuna Text Book Centre, ambalo ni la zamani na lenye wateja wa shule. Dar es Salaam kuna TPH Bookshop katika barabara ya Samora, mahali ambapo mpenzi wa fasihi ya Kiswahili huingia kwa makusudi. Kabla ya kuchagua, fungua ukurasa wa duka ujifanye mnunuzi: tafuta kitabu cha mwandishi asiye maarufu, tazama kama picha ipo, kama bei ipo, na uagize. Ukikaa siku tatu bila kujibiwa, wateja wako nao watakaa hivyohivyo.

Duka lenye utaratibu litataka ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Tanzania namba hiyo hutolewa kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya kupitia Huduma ya Maktaba ya Taifa. Anayeuza kwa simu peke yake anaweza kuishi bila namba hiyo, ingawa simshauri, kwa maana siku duka au maktaba ikikitaka kitabu chake atalazimika kubandika stika moja moja nyuma ya nakala zilizobaki.

Masoko makubwa ya mtandaoni ya bidhaa zote ni jambo la kutaja kwa ufupi. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, kwa hiyo chaguo hilo lipo kwa wauzaji wa Kenya na Uganda. Huko kitabu hushindana na sufuria na vipokea sauti, na anayefaidika ni mwenye vitabu vingi vinavyotafutwa kwa majina, hasa vya shule. Mwenye diwani moja ya mashairi atapotelea humo.

PDF

"Mwenye PDF ya kitabu hiki anirushie." Sentensi hiyo imeandikwa katika kila kundi la wasomaji nililowahi kuingia, na mara nyingi huandikwa chini ya tangazo la mwandishi mwenyewe, naye akiwamo. Yeyote anayefikiria kuuza faili aianze safari yake kwa kuikubali sentensi hiyo kama hali ya hewa: haipendezi, lakini haiondoki kwa kulalamika.

Hata hivyo, PDF ina soko lake halali hapa kwetu, na soko hilo lina historia. Wasomaji wa magazeti pendwa walizoea hadithi za vipande, za kukatwa mahali ambapo mkono wa muuaji uko juu ya kitasa cha mlango, na waandishi wa Facebook na WhatsApp wakairithi desturi hiyo: sehemu ya kwanza hadi ya kumi ni bure, anayetaka zilizobaki analipia shilingi elfu mbili na kutumiwa. Mtu aliyesoma sehemu kumi hanunui kitabu, ananunua usingizi wake. Kwa riwaya za mapenzi na za kijasusi, hii ni njia yenye nguvu kuliko watu wa vyuo wanavyopenda kukiri.

Faida za faili ni wazi. Hakuna kuchapa, hakuna basi, na shilingi 3,000 za PDF hubaki karibu zote. Anayeandika mwongozo wa ufugaji wa kuku chotara au kitabu cha mapishi ya mama lishe anaweza kuuza mtu wa Bukoba na mtu wa Muscat dakika hiyohiyo. Kwa vitabu vya namna hii wizi pia huumiza kidogo, kwa sababu mnunuzi anataka jibu leo, na akimpata mwandishi mwenyewe kwenye simu atauliza na la ziada, jambo ambalo faili la kuibwa halimpi. Wanaoumia zaidi ni waandishi wa vitabu vinene vya bei ya juu, ambavyo msomaji yuko tayari kusubiri mwezi mzima ili avipate bure.

Ukichagua njia hii, tia jina na namba ya simu ya mnunuzi chini ya kila ukurasa kabla ya kumtumia. Haimzuii mwizi aliyedhamiria, lakini mtu wa kawaida huona haya kusambaza ukurasa wenye namba yake. Sheria ipo pia: Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Sheria hizo zina uzito mbele ya anayechapa na kuuza nakala za wizi. Mbele ya kundi la Telegram lenye watu elfu kadhaa wasiojulikana, mwandishi mmoja atachoka kabla yake. Kutuma faili kwa mkono nako kuna usumbufu wake, kwani anayelipa saa sita usiku anataka kusoma saa sita usiku. Majukwaa ya kuuza faili yanayopokea fedha za nchi za Afrika, kama Selar iliyoanzia Nigeria, humtumia mnunuzi faili bila wewe kuamka, kwa makato. Ninayapendekeza kwa anayeuza faili kila siku. Kwa anayeuza matano kwa wiki, mkono unatosha.

Amazon

Neno Amazon humpa mwandishi heshima mbele ya jamaa zake, na heshima hiyo ndiyo inayowafanya wengi waweke kitabu huko kabla ya kuuliza nani atakinunua. Mfumo wenyewe wa kujichapishia, unaoitwa KDP (Kindle Direct Publishing), ni mzuri kwa kazi yake. Kitabu huchapwa nakala moja moja mnunuzi anapoagiza, karibu na anakoishi, bila mwandishi kulipa chochote mwanzoni. Mnunuzi wa Ohio hupata kitabu chako mlangoni bila basi wala bahasha ya kaki, na hakuna njia nyingine katika ulinganisho huu inayoweza kufanya hivyo.

Hesabu yake lakini inataka macho. Kwa kitabu cha karatasi, mrabaha, yaani fungu la mwandishi, ni asilimia 60 ya bei, kisha humo hutolewa gharama ya kuchapa. Tangu Juni 2025, kitabu chenye bei iliyo chini ya dola 9.99 hupata asilimia 50. Gharama ya kuchapa kurasa 180 zisizo na rangi nchini Marekani ni zaidi kidogo ya dola 3. Kwa hiyo kitabu cha dola 9.98 kinamwachia mwandishi chini ya dola 2, na kikiongezwa senti moja tu kinamwachia karibu dola 3. Nimeona waandishi waliochagua 8.99 kwa kuogopa kuonekana wa gharama, nao wamejinyima zaidi ya nusu ya mapato bila mnunuzi yeyote kuwashukuru.

Kisha inakuja kodi. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo mrabaha wa mauzo ya Marekani hukatwa asilimia 30 kabla haujaondoka. Chukua kitabu cha dola 12.99: asilimia 60 ni dola 7.79, ukitoa kuchapa hubaki 4.63 hivi, na baada ya kodi 3.24. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, kiwango ninachokitumia hapa kwa urahisi wa hesabu tu, hizo ni kama shilingi 8,100. Ni pungufu ya 10,500 za simu, lakini hukuchapa nakala wala hukugusa selotepu, na kwa upande huo inashinda duka. Malipo hufika takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kwisha, yaani kitabu kilichouzwa Januari hulipwa mwisho wa Machi.

Kitabu cha Kindle, yaani cha kusomwa kwenye skrini, kina kanuni nyingine. Asilimia 70 hutolewa kwa bei ya kati ya dola 2.99 na 9.99, na kwa wanunuzi walioko katika nchi zilizoorodheshwa tu. Mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam hayumo, kwa hiyo mauzo yake humpa mwandishi asilimia 35. Uko pia mpango wa KDP Select, unaompa mwandishi nafasi ya kulipwa kwa kurasa zinazosomwa na waliojiunga na Kindle Unlimited, huduma ya Amazon ya kusoma vitabu kwa ada ya mwezi, na sharti lake ni kutouza kitabu hicho kwa umbo la kidijitali mahali pengine popote kwa siku 90. Anayeuza PDF kwa WhatsApp akajiunga na mpango huo kwa kubonyeza bila kusoma, amevunja mkataba siku hiyohiyo. Nakala za karatasi haziguswi na sharti hilo. Na kabla ya kuandaa faili lolote, soma orodha ya lugha ambazo KDP inazikubali uone kama Kiswahili kimo, kwa sababu si kila lugha imo, na kitabu kilichosajiliwa kwa lugha isiyo yake kinaweza kuondolewa.

Kuna jambo moja dogo linalowashangaza wengi. Ili mtu aandike maoni juu ya kitabu kwenye Amazon ya Marekani, akaunti yake sharti iwe imetumia angalau dola 50 katika miezi 12 iliyopita, na maoni ya ndugu na marafiki wa karibu wa mwandishi hayaruhusiwi. Mashabiki wako 300 wa Morogoro, hata wakikupenda namna gani, hawawezi kukusaidia huko. Wanaoweza ni Waswahili wa ughaibuni wanaonunua humo kila wiki, wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya Marekani na Ulaya, na wazazi wanaotafuta kitabu cha lugha mbili ili mtoto aliyezaliwa London azungumze na bibi yake. Kitabu kinachowafaa watu hao kiende Amazon, mradi lugha yake imo katika orodha ile. Riwaya ya mtaani yenye utani wa Manzese, nadhani isubiri.

Kwa anayeuza vitabu vya wengine

Muuzaji wa rejareja ana chaguo finyu zaidi, na hilo linamrahisishia. PDF hana haki ya kuiuza bila idhini ya mwenye hakimiliki, awe ameipata wapi. Amazon haimfai kwa vitabu vya hapa. Kinachobaki ni simu na, kwa Mkenya, soko la mtandaoni la vitabu vya shule. Faida yake ni punguzo analopewa na mchapishaji, kwa hiyo kwenye kitabu cha 15,000 alichokipata kwa punguzo la asilimia 30 ana shilingi 4,500, na akibeba gharama ya usafiri yeye mwenyewe atafanya kazi ya bure.

Vitabu vya mitumba ni biashara nyingine kabisa. Kila nakala ni moja, picha ndiyo bidhaa, na Instagram inazidi WhatsApp kwa mbali, kwa sababu mteja hupitia picha 30 akichagua. Piga picha kona zilizokunjika na jina la mwenye kitabu wa zamani likiwa limeandikwa ndani. Wapo wanaonunua kwa ajili ya jina hilo. Andika "kimeuzwa" juu ya picha mara tu kinapolipiwa, la sivyo utawarudishia watu fedha kila jioni. Ama nakala za vitabu vya Kiingereza vya kuhamasisha zilizochapwa kwa wizi, zenye wino unaoshika vidole na bei isiyoeleweka, muuzaji anayejenga jina asiziguse.

Mpangilio

Mwandishi mwenye maboksi kumi leo ningemwambia aanze na simu kwa nakala 100 za mwanzo, na asiguse duka wala Amazon hadi zimalizike. Sababu ya kwanza ni fedha: nakala 100 kwa bei kamili zinarudisha theluthi mbili ya gharama ya kuchapa zote 500. Sababu ya pili ni makosa. Msomaji wa nakala ya 12 atakutumia picha ya ukurasa wa 47 ambapo jina la mhusika limebadilika kutoka Zuhura kuwa Zainabu, na wa nakala ya 30 atauliza kwa nini sura ya sita imeitwa ya saba. Wote hao namba zao unazo, na watakuambia kwa upole kwa sababu wanakujua.

Yakusanye makosa hayo kwenye daftari. Kisha peleka nakala kumi kumi katika maduka mawili au matatu, zikiwa na karatasi ndogo ya masahihisho ndani ya jalada, na faili lililosahihishwa ndilo lipandishwe Amazon ikiwa una wasomaji wa nje. Huko faili hubadilishwa wakati wowote na nakala inayofuata hutoka ikiwa safi. Yale maboksi saba yaliyobaki yatatoka na Zainabu wake.